Hujui cheo cha mwanajeshi? Mwongozo kamili wa kumwita kwa heshima bila kubahatisha

Naandika hii kwa sababu nimechoka kupokea simu saa tano usiku. Mimi ni MC, nashereheshea harusi na sendofu hapa Mwanza, kuanzia Nyegezi mpaka Igoma na ng'ambo huko Sengerema, na kila wiki hakosi mtu wa kuniuliza kitu kilekile: kaka, kuna mjeshi kwenye listi ya wageni, sijui cheo chake, nimwiteje? Mwingine ni mama anapeleka dagaa mesi ya jeshini, mwingine mzazi ana kijana kaingia JKT anataka kuandika barua, na wote wanafeli palepale, wanabahatisha cheo. Nimeweka kila kitu hapa, usome usipige simu.

## Vitu vya kuandaa kabla hujafungua mdomo

- Neno moja: afande. Hili ndo gari letu, mengine yote ni tairi za akiba.
- Salamu iliyonyooka. "Habari za kazi" inatosha.
- Kitambulisho, kama unaenda getini. Cha NIDA ni bora, kishike mkononi, siyo uanze kupekua mkoba mzima mbele ya mlinzi huku unaongea.
- Simu mfukoni. Kambini hakupigwi picha, hata ya selfi, hata ya geti. Ukimwita mtu afande kwa heshima zote huku kamera iko hewani hiyo heshima haipo.
- Nguo za kiraia kweli. Usiende na suruali ya mabaka uliyonunua mtumbani. Mwaka 2023 JWTZ walitoa siku 7 watu wasalimishe mavazi yanayofanana na ya jeshi, kwaiyo ukitokea nayo getini mazungumzo yataanzia kwenye suruali na hayatafika kwenye shida yako.
- Mtu wa kuuliza. Ndugu yake, dereva wake, mjumbe wa kamati, yeyote anayemjua. Nitamrudia huyu kwenye hatua ya 5 maana ndo anaokoa wengi.

## Hatua ya 1: Jua kwanza ni askari wa wapi

Watu wengi wakiona sare na buti wanasema "mwanajeshi" basi. Hapana. Kombati za mabaka ni JWTZ, kijani tupu mara nyingi ni vijana wa JKT, halafu kuna polisi, magereza, uhamiaji, zimamoto na mgambo wa jiji. Ukiwa ziwani, boti ya doria inayokusimamisha inaweza kabisa kuwa ya polisi wanamaji, siyo jeshi.

Kwa nini inakuhusu? Kwa sababu vyeo haviendi sawa. Jeshini kuna luteni, kapteni, meja, kanali. Polisi juu ya sajenti unakuta wakaguzi, warakibu, makamishna. Nyota unaziona kwenye mabega ya wote wawili ila majina yake tofauti, na ukimwita mrakibu wa polisi "kapteni" umemhamisha kazi.

Habari njema ni kwamba "afande" inapita kote huko. Ukishindwa kutofautisha sare usijitese, tumia hiyo uendelee.

*Utajua umefaulu:* unaweza kusema moyoni "huyu ni wa jeshi" au "huyu ni polisi" bila kumkodolea macho. Sekunde mbili zinatosha, ukizidisha unaonekana unapeleleza. Zamani tulikuwa tunapata muda wa kuwasoma kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo, unakaa masaa, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 unapita dakika chache tu, kwaiyo jicho lako lizoee kufanya kazi fasta.

## Hatua ya 2: Salamu itangulie, shida ifuate

Hapa ndo wanapokosea watu wa mjini. Anafika getini: "Oya kamanda, namuulizia jamaa mmoja anaitwa…" Umeshapoteza.

Fanya hivi. Simama hatua mbili tatu mbali, toa miwani ya jua kama umevaa, sema: "Habari za kazi, afande." Subiri ajibu. Akijibu ndo useme jina lako na umetoka wapi, kisha shida. Yaani: "Mimi naitwa fulani, natokea Mabatini, nimekuja kumuona ndugu yangu." Sababu ni kwamba mtu wa getini kazi yake ni kujua wewe ni nani kabla hajajua unataka nini, ukimpa kwa mpangilio wake anakuona una akili.

Sasa lile swali la shikamoo. Naulizwa sana hili. Cheo hakifuti umri na umri haufuti sare. Mimi naenda hivi:

Akiwa mtu mzima kwako, hata kavaa kombati, "shikamoo afande" inakaa vizuri sana na hajawahi kunikasirikia mtu. Akiwa rika lako au mdogo, "habari za kazi afande". Akiwa kijana wa miaka 23 na wewe una 55, usimpe shikamoo kwa sababu ya bunduki, utamtia aibu, mtoto aliyelelewa Kiafrika hapokei shikamoo ya mtu wa rika la baba yake. Mpe "habari za kazi afande", na usishangae yeye akikupa shikamoo wewe.

"Jambo afande!" utaisikia wakisalimiana wenyewe, ina namna yake ya kusimama na kutoa sauti. Raia ukiiga inakuwa maigizo. Vivyo hivyo saluti: usipige. Najua unadhani ni heshima. Wewe hujafundishwa, mkono wako utakaa kama unajikinga jua, na mwenzio ataona unamdhihaki.

## Hatua ya 3: Tumia "afande" na uitumie vizuri

Neno hili lina faida mbili kubwa. Halitaji cheo, halichagui mwanaume au mwanamke. Koplo akiitwa afande na raia sawa, kanali akiitwa afande na raia sawa. Wenyewe ndani wana utaratibu wao, mdogo ndo anamwita mkubwa afande, ila huo ni wa kwao.

Mara ngapi? Mwanzoni mwa mazungumzo na mwishoni, katikati mara moja. Kuna jamaa kila neno "ndio afande, sawa afande, hapana afande, afande afande", anaongea kama kuruta wa wiki ya kwanza. Inachosha.

Kifuani huwa kuna jina. Ukilisoma bila kuinamia kifua cha mtu, tuseme kimeandikwa MASANJA, basi "Afande Masanja" ni safi, na kwa mtu mnayekutana mara kwa mara ni bora zaidi maana unaonesha unamjua yeye, siyo sare tu.

Wanawake. Ni afande. Siyo dada, siyo sista, siyo mrembo, siyo "mama" kama hujamzoea. Nalirudia hili kwa sababu nimewahi kuangukia hapa, nitasimulia chini.

Na haya mbadala mengine:

*Mkuu* – linafaa kama tairi ya akiba mtaani au ofisini. Ila kambini likitajwa "mkuu" watu wanaweza kudhani unamsema mkuu wa kikosi, kwaiyo getini afadhali afande.

*Kamanda* – hilo ni la kazi maalum, kama Kamanda wa Polisi wa Mkoa. Mtaani limechakaa, kwenye siasa nako watu wanaitana makamanda. Kwa mwanajeshi usiyemjua linasikika la kijiweni.

*Mjeda, mjeshi, njagu* – haya ni ya kwetu tukiwa tunapiga stori, mimi mwenyewe nimeandika mjeshi hapo juu. Usoni kwa mtu hapana.

*Bosi, chifu, mwamba* – acha. Hasa chifu, huku Usukumani machifu wana wenyewe.

*Mheshimiwa* – mwanajeshi haitwi mheshimiwa kwa sababu ya cheo cha jeshi. Anaitwa hivyo akishika wadhifa wa kiserikali. Jirani zetu Kagera waliwahi kuwa na wakuu wa mkoa wanajeshi, Brigedia Jenerali Marco Gaguti kisha Meja Jenerali Charles Mbuge. Hapo ndo unasema "Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa", maana amekuja kwenye shughuli yako kama mkuu wa mkoa, na cheo cha jeshi kinabaki kwenye jina.

## Hatua ya 4: Usikisie cheo, hata kama unadhani unajua

Unajua kidogo, najua. Alama za V kwenye sare, mbili koplo, tatu sajenti, nyota moja luteni usu, mbili luteni, tatu kapteni. Hiyo elimu ikae kichwani ikusaidie kujua tu kwamba mwenye V ni askari na mwenye nyota ni afisa. Usiitoe mdomoni.

Kwa nini? Ukikisia chini unamshusha mtu aliyesota miaka kupanda. Hilo kila mtu analiona. Ambalo watu hawalioni ni kukisia juu. Mtu anadhani nikimwita koplo "kapteni" atafurahi. Fikiria kapteni wake wa kweli kakaa meza ya pili. Huyo koplo atataniwa kambini mwezi mzima na wewe ndo umemponza.

Halafu kuna vyeo vya maneno mawili, hapa ndo kaburi la ma-MC. Luteni usu, luteni, luteni kanali, luteni jenerali: hao ni watu wanne tofauti kabisa, ukikata neno la pili umemtoa mtu karibu na kilele ukamrudisha chini. Meja na meja jenerali hivyohivyo. Na Afisa Mteule ni cheo kamili chenye Daraja la Kwanza na la Pili, siyo "afisa aliyeteuliwa" kama alivyosoma mwenzangu mmoja kwenye maiki.

*Utajua umefaulu:* umeongea na mtu dakika kumi, mmeagana vizuri, na bado hujui cheo chake. Hakuna aliyepungukiwa.

## Hatua ya 5: Uliza, ila muulize mtu sahihi

Kama shughuli inahitaji cheo (kadi, barua, kutambulisha ukumbini), uliza. Mpangilio wangu ni huu:

Kwanza uliza wa pembeni, yule mtu niliyekwambia umuandae. "Samahani, afande huyu kwenye kadi tunamuandika vipi?" Sema hivyohivyo, *tunamuandika vipi*. Usiseme "huyu ana cheo gani", inasikika kama unataka kumpima.

Kama hakuna wa pembeni, muulize mwenyewe, pembeni, kwa sauti ya chini: "Afande, naomba unisaidie nikutambulishe vipi." Tazama ulivyompa nafasi. Kuna wanaotaka cheo kisitajwe kabisa, wamekuja kama mjomba wa bibi harusi tu, na wana sababu zao. Akikwambia "niite Mjomba" basi we muite Mjomba. Usimbishie, na usimchomekee cheo baadaye kwa kujifanya unamnogesha.

Akikutajia, andika hapohapo kwa herufi zote. Usiandike kifupi, ukifika kwenye maiki utasahau "LK" ilikuwa nini. Kisha mrudishie: "Luteni Kanali, sawa afande?" Akiitika umemaliza.

Onyo: usiulize anafanya kazi kikosi gani, analindaga nini, wanakaa wangapi. Umetafuta jina la kumwita tu, ishia hapo.

## Hatua ya 6: Kumtaja mbele za watu

Sasa ile stori yangu. Sendofu, ukumbi mmoja Nyegezi, kamati imenipa kikaratasi: "Meza ya 3, afande na mwenza wake." Naangalia meza ya tatu, kuna baba mrefu, kaunda suti imepigwa pasi mpaka unaweza kukatia mkate, mgongo umenyooka, na pembeni mama kavaa gauni la bluu anakunywa Mirinda. Mimi nani nisijue? Nikashika maiki: "Tumkaribishe afande wetu pamoja na shemeji yetu mke wake!" nimemnyooshea mkono baba.

Baba akageuka nyuma kuangalia nani anaitwa. Mama akaweka chupa chini, akajifuta mikono na tishu taratibu, kidole kimoja kimoja, akasimama akapunga. Baba alikuwa mwalimu wa hesabu. Meza nzima ya wenzake yule mama waliacha kutafuna, halafu ukumbi ukacheka, na mimi nikacheka na ukumbi huku jasho linaingia kwenye kola.

Toka siku ile, nikiwa sijahakikisha, nafanya hivi: natumia maneno yanayobeba wote. "Maafisa na askari mliopo, karibuni sana, itifaki imezingatiwa." Maafisa na askari ndivyo jeshi lenyewe linavyowataja watu wake wakubwa kwa wadogo, na "itifaki imezingatiwa" inafunika kila ambaye hukumtaja. Usijaribu kuwapanga kwa kukisia nani mkubwa, ukimtaja mdogo kabla ya mkubwa hakuna atakayekwambia ila wote wameona.

Ukiwa na cheo cha uhakika, cheo kinatangulia jina na hakichanganywi na Bwana wala Bi. Mkuu wa Majeshi tunasema Jenerali Mkunda, hakuna anayesema Bwana Jenerali Jacob.

## Hatua ya 7: Barua

Hapa ni rahisi kuliko unavyodhani, maana barua inaenda kwa ofisi, haiendi kwa mtu. Huhitaji kujua jina wala cheo. Anuani iwe "Mkuu wa Kikosi", kisha namba ya kikosi. Vikosi vinatajwa kwa namba na KJ, yaani Kikosi cha Jeshi, mfano kule Rwamkoma mkoani Mara ni 822 KJ. Mzazi mwenye kijana huko anaandika "Mkuu wa Kikosi, 822 KJ", anashuka kwenye YAH yake, anaeleza shida kwa aya mbili, anaweka jina, namba ya simu na sahihi. Basi.

Usianze na "Mpendwa Afande". Afande ni neno la mdomoni, kwenye barua rasmi linaonekana limepotea njia. Na kadi ya harusi ambayo cheo umekikosa kabisa, andika "Ndugu" na majina yake mawili. Ndugu ni baridi kidogo ila halijawahi kumvunjia mtu heshima.

## Wageni kutoka nje

Fupi. Ukivuka ziwa kwenda Kenya au Uganda, afande inafanya kazi kama huku. Kwa Mzungu "sir" kwa mwanaume na "ma'am" kwa mwanamke inatosha kwa raia. Kwa Wamarekani tu, kama ni wa kikosi cha Marine usimwite "soldier", kwao Marine ni Marine na atakurekebisha hapohapo.

## Ukishakosea

Utakosea. Usijieleze. Maelezo ndo yanaharibu: "unajua afande mi nilidhani kwa jinsi ulivyovaa…" Sema "Samahani afande, nimekosea" mara moja, tumia jina sahihi, endelea. Kama ulikosea kwenye maiki, sahihisha kwenye maiki kwa sentensi moja, halafu baadaye nenda mezani kwake. Mimi nilienda meza ya tatu nikasema samahani afande. Yule mama akaniangalia, akavuta kiti, "Kaa ule kwanza, MC." Sahani yangu alijaza mwenyewe, na ugali aliuweka mwingi makusudi.

## Asiye na sare, na mstaafu

Aliyevaa kiraia mchukulie kiraia mpaka yeye aseme. Umemkuta mjeshi unayemjua Mwaloni pale Kirumba ananunua sato, usipige kelele "afandeee!" Msalimie kwa jina lake au kaka, dada. Pengine hataki soko zima lijue, na bei ya samaki nayo inaweza kubadilika.

Mstaafu anabaki na cheo chake, unaongeza tu "mstaafu": Kanali mstaafu fulani. Ila nyumbani kwake umri ndo unatangulia.

Nina jirani mstaafu Buswelu. Miezi mingi nikipita asubuhi nilikuwa namwambia "habari za asubuhi afande", ananijibu "salama" bila kuinua kichwa, anaendelea kumwagilia mchicha. Nikajua mzee ana nyodo, lazima alikuwa kanali. Siku moja sijui nilifikiria nini nikamwambia "mwangaluka, baba," ile salamu yetu ya asubuhi ya Kisukuma. Akaweka ndoo chini. "Mwangaluka," akaniuliza habari za nyumbani, za watoto, za mama yangu Magu, mpaka za mbuzi ambao sina.

Cheo chake nilikuja kukijua mwaka uliofuata kwenye sendofu ya binti yake, kikaratasi cha kamati kimeandikwa kwa herufi zote, Afisa Mteule Daraja la Kwanza mstaafu, nami nikakisoma chote mpaka mwisho.